Sura ya Neno na Usomaji wa Mtoto: Jambo la Kuangaliwa na Waunda Istilahi

Imeenea imani miongoni mwetu kwamba Kiswahili si lugha ya kumsumbua msomaji, kwa kuwa huandikwa jinsi kinavyotamkwa. Imani hiyo ina ukweli ndani yake. Mtoto akishazijua irabu tano na konsonanti ziambatanazo nazo, aweza kulitamka karibu kila neno analokutana nalo, hata lile asilopata kulisikia. Lakini ukweli huo umezaa dhana nyingine isiyo na msingi imara kama wa kwanza, yaani kwamba, maadamu herufi hazidanganyi, kilichobaki cha kumwelemea mtoto ni urefu wa neno tu. Kwa dhana hiyo walimu huambiwa waanze na maneno mafupi, waandishi wa vitabu vya madarasa ya chini huhesabu silabi, nasi waunda istilahi, tuwapo na maneno mawili ya kuchagua, twavutwa na lile fupi.

Katika makala haya tumekusudia kuonyesha kwamba urefu ni sifa mojawapo tu ya neno, tena si ile iliyo nzito kuliko zote, na kwamba baadhi ya istilahi tunazozipeleka shuleni humkwamisha mtoto kwa sifa nyingine ambazo kwa kawaida hatuzipimi. Jambo hili si dogo. Nchini Tanzania Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwanafunzi wa darasa la nne akikwama katika neno la hesabu au la sayansi, hana lugha nyingine darasani ya kukimbilia.

Yafaa kwanza tujue Kiswahili kimesimama wapi miongoni mwa lugha nyingine. Mwaka 2003 Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee, pamoja na Mikko Aro na Jane Erskine, walichapisha matokeo ya kulinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza shuleni, watoto wa Kifini walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno waliyopewa. Watoto wa Uskoti waliokuwa wakisoma Kiingereza walipata asilimia 34. Wataalamu hao walitaja mambo mawili yaliyotenga lugha hizo: uaminifu wa tahajia kwa matamshi, na wepesi wa muundo wa silabi. Kwa mambo yote mawili Kiswahili chastahili kuketi karibu na Kifini. Tena kama Kifini, nacho kina maneno marefu.

Lakini hapo ndipo pa kutahadhari. Katika lugha yenye tahajia aminifu, watoto wengi huwahi kusoma kwa usahihi, na tofauti baina yao huonekana zaidi katika mwendo kuliko katika makosa. Mtoto mmoja hulichukua neno zima kwa mara moja. Mwenzake huenda silabi kwa silabi, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umekwisha kumtoka kichwani. Wote wawili wamesoma sawasawa, ila mmoja tu ndiye aliyeelewa. Kwa hiyo swali letu lisiwe kama neno linasomeka au halisomeki. Liwe neno lamgharimu mtoto kiasi gani kulisoma.

Ufupi usio wepesi

Tuchukue mfano wa maneno mawili ambayo kila mtoto huyajua kwa masikio kabla ya kuingia shule: mbwa na kalamu. La kwanza lina herufi nne, la pili lina herufi sita. Kwa kuhesabu herufi, mbwa ndilo jepesi. Lakini kalamu ni silabi tatu, kila moja ikiwa konsonanti moja na irabu moja, na zote tatu zimo katika jedwali la silabi ambalo mtoto huliimba kila siku. Katika mbwa zimerundikana konsonanti tatu mbele ya irabu moja, na juu ya hayo m ya kwanza ni silabi peke yake, hali ambayo haimo katika jedwali lolote la ba, be, bi, bo, bu. Mtoto aliyezoea kwamba kila silabi huishia na irabu huitafuta irabu hiyo asiione. Ndiyo maana twakuta katika madaftari inchi mahali pa nchi, na katika baadhi ya sehemu muto mahali pa mto. Mtoto huyo si mzembe. Ameifuata kanuni aliyofundishwa hadi mwisho wake.

Ugumu huzidi kwa kuwa herufi zile zile hazigawanyiki namna moja kila mahali. Katika mbegu, m na b huenda pamoja katika silabi moja; katika mbunge, m husimama peke yake. Neno mbuni ndilo mfano ulio wazi kuliko yote: likiwa ndege mkubwa asiyeruka ni silabi mbili, likiwa mti uzaao buni, au mtu mwenye kubuni, ni silabi tatu. Maandishi hayaonyeshi tofauti yoyote. Ni maana ya sentensi tu inayomwongoza msomaji, na mtoto anayekwenda silabi kwa silabi bado hajaifikia maana.

Sasa tuzitazame istilahi mbili za sayansi zitumikazo shuleni. Usanisinuru ina herufi 11 na silabi sita. Mmeng'enyo ina herufi tisa na ritifaa moja, nayo ni silabi nne tu. Mwenye kupima kwa urefu atasema ya pili ndiyo rahisi. Lakini usanisinuru husomeka kama mtu ashukaye ngazi zilizo sawa: u-sa-ni-si-nu-ru. Katika mmeng'enyo mtoto hukutana na m iliyo silabi peke yake ikifuatwa mara moja na m nyingine yenye irabu, kisha ng' ambayo ni sauti moja iliyoandikwa kwa herufi mbili na alama juu yake, kisha ny, sauti nyingine moja ya herufi mbili. Akiiacha ritifaa bila kuiona, kama watu wazima wengi wanavyoiacha bila kuiandika, sauti hubadilika ikawa ile ya ngoma. Hatusemi kwamba mmeng'enyo ni istilahi mbaya. Yatokana na kitenzi cha Kiswahili na imekwisha kuzoeleka. Twasema tu kwamba ufupi wake haumsaidii mtoto hata kidogo.

Wala wepesi wa silabi hautoshi peke yake. Mtoto amalizapo kuzishuka ngazi za usanisinuru hukuta chini hakuna kitu alichokijua. Asomapo ku-ku, sauti anayoitoa humkumbusha ndege aliye uani kwao, naye husahihisha mkazo na kulitamka neno kama anavyolisikia nyumbani. Asomapo neno asilopata kulisikia, hana wa kumsahihisha. Katika usanisinuru atalitambua nuru mwishoni, na hiyo ni sifa njema ya istilahi hiyo. Sanisi italazimu afundishwe.

Kwa ajili hiyo sisi twaliona neno kipimajoto kuwa kielelezo cha istilahi iliyoundwa vizuri. Lina silabi tano, likipitwa kwa ufupi na themometa lenye nne. Lakini silabi zake zote ni nyepesi, na ndani yake mtoto huona mambo mawili anayoyajua tangu utoto, kupima na joto. Akilisoma mara mbili tatu, halisomi tena kwa silabi tano. Hulisoma kwa vipande viwili. Hivyo ndivyo neno refu linavyofupika machoni pa msomaji, na ufupisho wa namna hii hauonekani kwa kuhesabu herufi.

Maneno ya kukopa yana taabu yao, nayo ni silabi zinazofungwa na konsonanti. Daktari, maktaba, labda na Oktoba tumeyazoea hata hatuoni ugeni wake. Mtoto wa darasa la kwanza huuona, na kwa kawaida huutibu kwa kuingiza irabu: dakitari, makitaba. Istilahi kama elektroni na skrubu zamtaka azitamke konsonanti mbili au tatu mfululizo bila irabu ya kupumzikia. Pale ambapo kiwango cha kimataifa chatulazimisha kukopa, hatuna ugomvi. Ila iwapo njia ya kulilainisha neno ipo, haifai kuidharau kwa sababu tu sisi wenyewe twalitamka bila shida.

Maneno yafananayo

Sifa ya pili ambayo hatuipimi ni idadi ya maneno yanayofanana na neno tuliundalo. Kiswahili kina irabu tano tu na silabi nyepesi, kwa hiyo maneno yake mengi hutofautiana kwa herufi moja: bata, bati, bapa, baba, paka, pata, pasa, paza. Katika maneno ya nyumbani hali hii haina madhara makubwa, kwa sababu hakuna achanganyaye bata na bati akishaelewa habari inayosimuliwa. Katika istilahi mambo ni mengine, maana istilahi zifananazo mara nyingi huwa pia za somo moja, ukurasa mmoja, na pengine sentensi moja.

Walimu wa hisabati wanazijua vema istilahi kigawo na kigawe. Tatu ni kigawo cha 12, kwa kuwa hugawa 12 bila kubakiza. 12 ni kigawe cha tatu, kwa kuwa hugawanyika. Kwa mwanaisimu uundaji huu wapendeza mno. Kiishio -e huonyesha kitu kilichotendwa, kama katika kiumbe, yaani kilichoumbwa, na mteule, yaani aliyeteuliwa. Mwenye kuijua kanuni hiyo hawezi kukosea. Lakini mtoto wa miaka tisa haijui, na hata akifundishwa, anachokiona kitabuni ni maneno mawili yenye herufi sita kila moja, ambayo tano za mwanzo ni zile zile. Tofauti imewekwa mwishoni, mahali ambapo jicho la msomaji lipitapo kwa haraka zaidi. Kisha tukaziweka katika Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika, na tulipotaka kuvifupisha tukakuta vyote viwili vyaanza kwa herufi K, K na S. Kwa hiyo cha kwanza kikawa KKS, na cha pili kikabidi kichukue D kutoka katikati ya kidogo kikawa KDS. Ikiwa vifupisho vyenyewe vilihitaji kutenganishwa kwa nguvu, maneno yake je?

Sarufi nayo haijasalimika. Katika aina nane za maneno zifundishwazo shuleni, ukiondoa nomino, saba zote zaanza kwa ki-: kiwakilishi, kivumishi, kitenzi, kielezi, kihusishi, kiunganishi, kihisishi. Tano kati ya hizo huishia kwa -shi. Na mbili, kihusishi na kihisishi, hutofautiana kwa irabu moja katikati. Tunaelewa ilivyokuwa: mwunda istilahi hupenda mfumo, na mfumo ni jambo jema, kwani istilahi za fani moja zikivaa sare mtaalamu hutambua undugu wao. Hata hivyo msomaji hutegemea sana mwanzo wa neno ili alitambue, na sare hii imeuvika mwanzo. Katika lugha ambayo nomino zake tayari huanza kwa viambishi vichache vya ngeli, kila tunapoongeza ki- nyingine twazidi kupunguza kile ambacho jicho laweza kukishika.

Kitenzi, na namna ya kuhesabu maneno

Hadi hapa tumesema habari za majina, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Lakini mzigo mkubwa wa mtoto katika usomaji wa Kiswahili umo katika kitenzi. Neno kitabu hubaki kitabu kila linapotokea. Soma hutokea kama anasoma, tulisoma, hawajasoma, someni, husomeshwa. Mzizi huhamahama ndani ya neno, na mbele yake pamejaa viambishi. Atakayewasomea ni neno moja lenye herufi 14 na silabi nane. Kiingereza hulieleza jambo hilo hilo kwa maneno sita. Tena mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama barabara yenye maana ya sawasawa. Maana yake ni kwamba msomaji hawezi kujua mahali pa kuweka mkazo mpaka auone mwisho wa neno. Nyumba ikipata -ni, mkazo wahama. Mtoto asomaye silabi kwa silabi huzikazia zote sawa, na neno likatoka kinywani kama orodha.

Kutokana na hayo, orodha za maneno yatumikayo mara nyingi, ambazo waandishi wa vitabu huzitegemea, zaweza kupotosha. Orodha ikisema kwamba soma ni neno la kawaida, haituambii ni sura ipi ya soma iliyo ya kawaida. Tungependa kuona orodha zinazohesabu sura kamili, ili mwandishi ajue kwamba ana-, ali- na ata- ndizo za kutangulia, na kwamba -ye- ya urejeshi yaweza kungoja.

Jambo hili lawahusu pia watumishi wa serikali, kwa sababu usomaji siku hizi hupimwa na matokeo huwa msingi wa mipango. Tangu 2010 upimaji wa Uwezo umekuwa ukiwapa watoto wa Tanzania silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi. Mwaka 2013 wanafunzi wa darasa la pili walipimwa pia kwa kuhesabu maneno wanayoyasoma sawasawa kwa dakika moja. Vipimo hivi vina faida kubwa. Lakini neno kwa dakika ni kipimo gani, iwapo neno lenyewe halina urefu mmoja kutoka lugha moja hadi nyingine?

Wenzetu wa Afrika Kusini wamelazimika kulijibu swali hili kwa sababu wana lugha za Kibantu zenye mitindo miwili ya kuandika. Jambo ambalo sisi twaliandika ninawapenda, Kizulu huliandika ngiyabathanda, neno moja; Kisotho cha Kaskazini huliandika ke a ba rata, maneno manne. Viwango vya usomaji vilipowekwa huko mwanzoni mwa miaka ya 2020, mwanafunzi wa lugha za Kinguni, zikiwemo Kizulu na Kixhosa, alitakiwa asome maneno 35 kwa dakika mwishoni mwa darasa la tatu, na mwenzake wa Kisotho au Kitswana maneno 60. Hakuna aliyedai kwamba mtoto wa Kizulu ni mzito. Kiswahili huandikwa kwa mtindo wa Kizulu. Ofisa atakayechukua kiwango cha Kiingereza na kukiweka mbele ya mtoto wa Kiswahili, au kulinganisha matokeo ya lugha hizo mbili kwa idadi ya maneno, atakuwa amepima tahajia badala ya kumpima mtoto.

Hata ndani ya Kiswahili chenyewe, maneno yatakayowekwa katika karatasi ya kupimia yaweza kumpandisha mtoto daraja au kumshusha. Karatasi yenye kalamu, samaki na babu si sawa na yenye ng'ombe, mbwa na dhahabu, ijapokuwa zote ni za maneno mafupi ya kila siku. Hapa pana jambo la kukumbuka kuhusu dhahabu. Lugha nyingi za Kibantu nchini hazina sauti za dh, th na gh, na mtoto ambaye kwao sauti hizo hazitamkwi huzisoma na kuziandika kama z, s na g. Thamani ikawa samani, ambalo ni neno jingine kabisa. Hali kadhalika l na r, katika sehemu zisizotenganisha sauti hizo: kura na kula hugeuka neno moja. Mwaka 2003 K. J. Alcock na D. Ngorosho walipochunguza makosa ya tahajia ya watoto wa Kitanzania walisisitiza kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia ya utaratibu si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa. Herufi ni aminifu kwa matamshi sanifu. Kwa matamshi ya kila nyumba haziwezi kuwa hivyo.

Turudi basi kwa waunda istilahi. Vigezo vilivyopendekezwa na K. B. Kiingi, vijulikanavyo kwa jina la PEGITOSCA, vimetupa mizani nzuri: istilahi iwe sahihi, iwe ya iktisadi, izae nyingine, ikaribiane na za kimataifa, iwe angavu, isiwe na matusi, ifuate mfumo, isigongane na nyingine, ikubalike. Katika orodha hiyo hapana kigezo cha usomekaji. Tena viwili vyaweza kuupinga kama tulivyoona: iktisadi ikipimwa kwa ufupi, na mfumo ukipimwa kwa sare. Sisi hatupendekezi kwamba usomekaji uvishinde vyote. Istilahi za sheria au za uhandisi hazimhusu mtoto wa darasa la tatu. Lakini kila istilahi itakayoingia katika vitabu vya shule ya msingi yafaa iulizwe maswali kabla ya kusanifiwa: ina konsonanti ngapi zilizorundikana? Ndani yake mna kipande ambacho mtoto akijua? Ni istilahi gani nyingine ya somo hilo hilo inayofanana nayo, na tofauti imekaa mwanzoni au mwishoni? Kisha wasomeshwe watoto wachache, kwa sauti, wala si walimu wao.

Kwa istilahi zilizokwisha kuzoeleka hatushauri mapinduzi. Gharama ya kubadili vitabu na mazoea ya walimu ni kubwa kuliko faida. Kigawo na kigawe zibaki, ila vitabu visizitambulishe zote mbili katika ukurasa mmoja, na mwalimu aimarishe moja kwa majuma kadhaa kabla ya kuileta nyingine. Kuhusu kihisishi hali ni nafuu zaidi, kwa kuwa neno kiingizi tayari limo katika baadhi ya vitabu vya sarufi kwa maana hiyo hiyo, wala halitofautiani na kihusishi kwa irabu moja tu ya katikati. Walimu wa madarasa ya tatu hadi ya saba waliowahi kutumia mojawapo ya maneno hayo mawili twawaomba watuandikie jinsi wanafunzi wao wanavyoyasoma na kuyaandika, wakinakili makosa kama yalivyo daftarini bila kuyasahihisha.